Blanketi Moja, Gunia Moja: Mwongozo Kamili wa Kuzifikia Familia za Mitaani Nairobi Msimu wa Baridi

Kila Juni simu huanza kuingia. Vijana wa kanisa fulani wamechanga, wamenunua mablanketi mia moja, wamepakia gari na kwenda mjini usiku. Wamerudi wamevunjika moyo. Watu walisukumana, wenye nguvu wakaondoka na matatu matatu, akina mama wenye watoto wakakosa, na kesho yake mablanketi yale yale yakaonekana yakiuzwa. Simu huishia hapo hapo kila mwaka: "Hawa watu hawasaidiki."

Wanasaidika. Mpango huo ndio mbovu, nami naujua vizuri kwa sababu niliuongoza mwenyewe misimu miwili mfululizo kabla sijakubali kufundishwa na waliolala nje.

Mwongozo huu ni wa Nairobi, Juni hadi Agosti, ingawa ndugu wa Nakuru, Eldoret na Limuru wataukuta unawafaa. Usiku wa Julai hapa hushuka hadi nyuzi 10 au 12. Aliye Toronto atacheka. Lakini mtu aliyeloweshwa na manyunyu, akalala juu ya saruji, tumboni hana kitu, anaweza kufa kwa baridi katika nyuzi hizo hizo.

## Mahitaji

Hesabu hii ni ya besi moja, yaani kituo kimoja cha kulala nje, yenye watu 40. Msianze na zaidi ya hapo.

- Watu 8 wa kujitolea, wanawake wasipungue 3, na angalau mmoja aliyewahi kuishi mtaani. Huyu wa mwisho akikosekana, ahirisheni.
- Daftari, kalamu, na wino usiofutika.
- Magunia 40 ya nailoni ya kilo 90. Yenye karatasi ya nailoni ndani ndiyo bora.
- Katoni nyingi. Wenye maduka ya jumla hutoa bure mkiomba mapema na mkaja kuzichukua siku mliyosema.
- Mablanketi 45 ya flizi. Matano ni ya akiba na hayagawiwi usiku wa kwanza.
- Kofia 40 za marvin, zile za kufumwa, na soksi pea 80. Soko la Gikomba mtazipata kwa bei ya mitumba.
- Kwa uji: unga wa wimbi kilo 2, sukari kilo 1, maji lita 20. Hapo kila mtu anapata nusu lita.
- Vikombe 45 vya plastiki ngumu, vinavyorudi na kuoshwa.
- Sodo, nepi, na nguo za ndani mpya. Mitumba hapa hapana.
- Sanduku la huduma ya kwanza, glovu, tochi mbili, thamosi ya maji moto, na chupa sita tupu za nusu lita.
- Nambari za simu zilizoandikwa kwenye karatasi: 999 na 112 za dharura, 1199 ya Msalaba Mwekundu, 116 ya watoto.

Acheni nyumbani bango la kanisa, fulana zenye maandishi, na kamera. Msipakie kitu kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea pia, kwani imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na anayekutwa nayo asubuhi atakuwa yule mliyempa.

## Hatua ya 1: Chagueni besi moja, mwende mikono mitupu

Besi ni jina wanalotumia wenyewe kwa mahali wanapolala na kukusanyika. Zipo katika vichochoro vya River Road, pembeni mwa soko la Muthurwa, upande wa Ngara, kando ya Mto Nairobi. Kila moja ina mkubwa wake na sheria zake. Ukiingia bila salamu ni kama umeingia boma la watu kwa kuruka ua.

Wiki tatu kabla ya kugawa chochote, nendeni watu watatu tu, saa moja jioni. Salimieni. Jitambulisheni kwa majina. Mwenye mvi ni mzee, mwenye mtoto ni mama fulani. Vijana waiteni kwa majina yao mara mtakapoyajua. Neno chokoraa, lile la kuwadharau watu wa mitaani, lisiwatoke hata mkiwa garini, maana ulimi huzoea.

Ulizeni mambo matatu: mkubwa wa hapa ni nani, nani ana mtoto mchanga au mimba au kifua, na mvua ikinyesha mnalala wapi. Hilo la tatu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Tuliwahi kupanga kugawa chini ya baraza ambalo, kumbe, mwenye duka humwaga maji kila saa nne usiku ili watu wasilale pale.

Kwa nini mikono mitupu? Mgeni anayekuja na mzigo huonekana mzigo, yeye mwenyewe haonekani. Mkija watupu mara mbili tatu, siku mtakayokuja na kitu mtapokewa kama watu wanaojulikana.

Onyo: Msiahidi. Hata "tutaona" huko huhesabiwa kuwa ahadi.

Mtajua imefaulu pale mtu atakapowauliza, kwa hasira kidogo, mbona juzi hamkuja.

## Hatua ya 2: Toeni taarifa

Andikeni barua fupi kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi cha karibu: ni akina nani, mtakuwa wapi, siku gani, saa ngapi. Mwone pia afisa wa watoto wa eneo hilo na mchukue nambari yake. Bila hivyo, askari wa kanjo (wa jiji) wakipita wataona mkusanyiko usiku, watautawanya, na watakaopigwa si ninyi.

## Hatua ya 3: Daftari, na blanketi lisilouzika

Katika ziara ya pili na ya tatu, andikeni majina. Kila mtu na nambari yake, pamoja na neno moja la kumkumbuka: "kifua", "mtoto miezi 4", "mguu wa kushoto". Mkubwa wa besi awe kando yenu mnapoandika. Yeye ndiye atakayewaambia kwamba fulani si wa hapa, na yeye ndiye atakayewaunga mkono usiku ule.

Kisha shughulikieni mablanketi nyumbani. Blanketi jipya ndani ya karatasi yake lina bei, na mtu mwenye njaa au kiu ya gundi ya kuvuta ataiona hiyo bei kabla ya kuliona blanketi. Alaumiwe nani? Kwa hiyo lifueni mara moja, kateni pembe moja, andikeni nambari ya mtu kwa wino mkubwa katikati. Joto lake halijapungua hata kidogo, ila mnunuzi hamna. Tangu tuanze kukata pembe, mablanketi yanayopotea yamekuwa machache mno, tena wenye kulalamika juu ya pembe ni wafadhili tu.

## Hatua ya 4: Tengenezeni godoro la gunia

Hapa ndipo vikundi vingi hukosea bila kujua. Wananunua blanketi zito la kujifunikia na kusahau kwamba baridi kubwa hutoka chini. Saruji hunyonya joto la mwili usiku kucha haichoki. Mtu mwenye blanketi moja juu na sakafu tupu chini ataamka saa tisa akitetemeka. Mwenye nusu ya blanketi hilo juu na katoni kavu chini atalala.

Katoni peke yake hailindi, kwa sababu ikilowa imekufa. Ndiyo maana tunaitia ndani ya gunia:

1. Fungueni katoni, zibandueni ziwe bapa, mtoe pini za chuma.
2. Pangeni matabaka manne au matano yenye upana wa gunia. Yapishaneni, mistari ya tabaka moja iende urefu na ya pili iende upana, ili zisikunjike sehemu moja.
3. Zitieni ndani ya gunia mpaka zijae bila kutuna.
4. Kunjeni mdomo mara mbili na mshone kwa sindano ya gunia. Upande wa mshono ndio utakaolala chini.
5. Shonea kamba mbili za kubebea mgongoni.

Gunia la kilo 90 halifiki kimo cha mtu mzima. Halihitaji kufika. Likianzia mabegani likaishia chini ya nyonga, limekinga sehemu zinazopoteza joto kwa wingi. Miguu ina soksi pea mbili.

Jaribio: Mmoja wenu alale juu yake kwenye sakafu ya kanisa kwa saa moja, bila koti. Akisikia ubaridi mgongoni, ongezeni tabaka. Mchungaji wetu alijitolea kujaribu la kwanza kabisa na akapitiwa na usingizi, tukajua limefaa.

Onyo kubwa: Wakiwaomba karatasi za nailoni za kujengea kibanda, toeni pamoja na maneno haya: moto usiingie ndani. Makaa kwenye mkebe ndani ya nailoni iliyofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Makaa yanayoonekana yamekolea vizuri, bila moshi, bado yanaitoa. Upande mmoja ubaki wazi daima.

## Hatua ya 5: Uji

Pikeni wimbi, uwe mzito wa wastani, wenye sukari ya kutosha. Sukari hapa ni kuni: mwili unaotetemeka unaichoma haraka. Mkiweza, tieni njugu karanga zilizosagwa. Vitu vichachu na ndimu viacheni, kwani wengi wana vidonda vya mdomo kwa sababu ya gundi.

Uji ukiwa umeiva, mimineni kwenye ndoo zenye vifuniko, zifungeni kwa blanketi kuukuu, ziwekeni ndani ya katoni. Hukaa na joto zaidi ya saa mbili. Ukifika besi uwe wa kunyweka palepale, maana mtu mwenye vidole vilivyokufa ganzi hahisi kikombe kinachounguza.

## Hatua ya 6: Usiku wenyewe

Fikeni saa mbili usiku. Mkichelewa sana, wengi watakuwa wamezama kwenye gundi na maongezi hayatawezekana.

Gari liegeshwe mbali kidogo, likiangalia njia ya kutokea. Anzeni na uji kwa kila mtu, hata asiyekuwa kwenye daftari. Mtu mwenye kikombe cha moto mikononi hukaa chini, na aliyekaa hasukumi. Utulivu wote wa usiku wetu umetokana na jambo hilo dogo.

Uji ukiwa bado unanyweka, wawili wenu wapite na daftari. Mwite mtu kwa jina pale alipokaa, mpelekeeni gunia, blanketi, kofia na soksi. Msipange foleni. Foleni ina mbele na nyuma, na nyuma ndiko waliko wagonjwa na wenye watoto. Akina mama wahudumiwe na wanawake, na sodo zitolewe zimefungwa ndani ya blanketi lililokunjwa, pasipo kutangazwa.

Waliokuja kutoka besi nyingine wapate uji na wapate jibu la kweli: leo ni majina haya, kwenu tutakuja tukijuana. Yale mablanketi matano ya akiba msiyaguse, hata moyo ukilia. Yana kazi katika hatua inayofuata.

Onyo kuhusu gundi: Mtu akiwa anavuta, msimnyang'anye chupa, msimkimbize, msimshtue kutoka nyuma. Mvuke wa gundi huufanya moyo kuwa mwepesi kuvurugika, na mshtuko wa ghafla unaweza kuusimamisha. Ongea naye kwa sauti ya chini, ukiwa mbele yake. Na gundi hushika moto, basi mwenye chupa akae mbali na jiko.

Mtajua imefaulu mkiondoka saa tatu na nusu, sauti hazijapanda, na vikombe 45 vimerudi. Vikirudi 41 si vibaya.

## Hatua ya 7: Mtambue aliyezidiwa na baridi kabla hamjaondoka

Kabla ya kupanda gari, wawili wapite na tochi kwa waliolala tayari. Msimulike usoni. Mnatafuta mtu mmoja ambaye kila mtu amemwita mlevi.

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu huanza kufanana na aliyekunywa: maneno yanavutika, anayumba, anashindwa kufunga kifungo, anataka tu kulala. Mwanzoni hutetemeka sana. Akiacha kutetemeka huku bado ana baridi na amechanganyikiwa, hali imekuwa mbaya zaidi, ingawa kwa macho anaonekana ametulia.

Fanyeni hivi, kwa utaratibu:

1. Pigeni simu ya dharura kwanza ikiwa amechanganyikiwa, haamki vizuri, au ameacha kutetemeka. Mmoja abaki kwenye simu.
2. Mwondoeni penye upepo na mvua, awekwe juu ya magunia mawili. Mbebeni kwa utaratibu, bila kumtikisa wala kumlazimisha atembee.
3. Vueni nguo zilizolowa, mkausheni, mfunikeni kwa mablanketi ya akiba, kichwa kikiwemo, ila si uso.
4. Tieni maji ya uvuguvugu kwenye zile chupa, zifungeni kwa soksi, mziweke kwapani na kifuani. Joto lianzie kiwiliwili. Mkianza na mikono na miguu, damu baridi ya huko hurudi kwa moyo kwa kishindo.
5. Akiwa macho na anameza vizuri, mpeni uji mtamu kidogo kidogo. Akisinzia, asipewe kitu mdomoni.

Msimsugue. Msimsogeze karibu na moto, kwani ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Na atakayetoa chupa ya pombe "apate joto" mzuieni kwa upole: pombe hufungua mishipa ya ngozi, mtu anahisi moto huku joto lake likitoroka nje.

Kwa watoto wachanga tazameni kupumua. Mtoto akiwa ametulia, hesabuni dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi: hiyo huenda ni nimonia. Ukiona kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, au hanyonyi, mama na mtoto wapande gari lenu usiku huo huo. Asubuhi ni mbali.

## Hatua ya 8: Neno na maombi

Niseme wazi kwa sababu hapa ndipo barua za kunilaumu hutoka. Mahubiri yasitangulie uji. Mtume Yakobo aliwacheka wale wanaomwambia asiye na nguo "enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba" bila kumpa kitu, na sisi tumebuni lililo baya zaidi: tunamfanya asikilize dakika arobaini kwanza huku uji ukipoa.

Kijana mmoja wa Muthurwa aliniambia ameokoka na makanisa tisa. Sala ya toba aliijua vizuri kuliko mimi, hadi mahali pa kutua. Alikuwa ameelewa kwamba hiyo ndiyo bei ya mkate.

Tunachofanya sasa: vikombe vikirudi, mmoja wetu anasema kwa sentensi mbili sisi ni nani na kwa nini tumekuja, kisha anauliza kama kuna anayetaka kuombewa, na kwa jambo gani. Wengine wataondoka kulala, waacheni. Wengine ni Waislamu na hawatasema, waheshimuni. Watakaobaki watataja mambo mahususi: kesi mahakamani, mtoto aliyeachwa kwa shosho (bibi yake) Murang'a, jino. Ombeni kwa jambo hilo, kwa jina la mtu huyo, kwa ufupi. Kisha liandikeni kwenye daftari, maana wiki ijayo swali la kwanza litakuwa "lile jino?"

Mtajua imefaulu siku mtu wa besi atakapowaombea ninyi. Ilichukua wiki sita kwetu.

## Hatua ya 9: Mchana, blanketi linalala wapi?

Sijawahi kuona kikundi kilichojiuliza swali hili kabla ya kwenda. Mtu anayezunguka kuokota plastiki na vyuma hawezi kubeba godoro na blanketi kutwa. Akiyaacha, yataibwa au yatatupwa kwenye lori la taka. Ndiyo maana huuza: si kwamba halihitaji, hana kabati.

Tafuteni kabati. Mlinzi wa usiku wa jengo la karibu, mwenye choo cha kulipia, mwenye kibanda cha chai. Kaeni naye, mweleze, mkubaliane saa ya kuweka (saa kumi na mbili asubuhi) na saa ya kuchukua (saa moja jioni). Mlipeni kitu kila wiki, na kanisa limlipe moja kwa moja, kisipitie kwa mkubwa wa besi. Magunia yana nambari, kwa hiyo hakuna ubishi.

## Hatua ya 10: Watoto walio peke yao

Mtamkuta. Ana miaka tisa, hana mama hapo, na mama mmoja kwenye kikundi chenu ataanza kulia na kusema anaenda naye nyumbani usiku huo.

Asiende naye. Chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, mtoto kama huyo anahitaji ulinzi na matunzo, na njia yake hupitia kwa afisa wa watoto. Kumchukua kimyakimya ni kosa, hata nia ikiwa njema, na watoto wa besi wamefundishwa na maisha kumwogopa anayewachukua usiku. Pigeni 116, mpigieni yule afisa mliyechukua nambari yake, na mmoja wenu, mwanamke akiwezekana, akae na mtoto palipo na mwanga mpaka jibu lije. Mpeni gunia lake mahali salama karibu na mama anayemwamini pale besi.

Picha yake msipige, hata ya nyuma ya kichwa.

## Hatua ya 11: Rudini

Siku ile ile, saa ile ile, kila wiki mpaka mwisho wa Agosti. Ziara zinazofuata ni nyepesi: uji, daftari, soksi kavu za kubadilisha na zilizolowa, katoni mpya kwa gunia lililochanika. Kama mkishindwa kwenda wiki moja, mmoja wenu afike mwenyewe kusema hamji. Ujumbe haufiki kwa simu kule.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti pitieni daftari pamoja na mkubwa wa besi, jina kwa jina: nani amehama, nani amerudi kwao, nani yuko rumande, nani hakuonekana tangu lini. Mablanketi ambayo wenyewe wanataka kuyarudisha yapokeeni, yafueni kwa maji moto, yaanikeni juani siku mbili, mkayafunge kwa nambari zake. Ya wanaoyahitaji Septemba, na huwa ni wengi, yabaki nao. Aliyekuwa akiwawekea magunia mlipeni wiki ya mwisho, na mmwulize mapema kama Juni atakuwa pale pale.